Mwaka wa Vali Kubwa

Da Mwajabu hajawahi kunipigia simu bila kunisema kwanza. Safari hii alianza na ukimya wangu, akaja kwenye unene wangu aliouona kwenye picha, ndipo akatoa habari yenyewe: Mzee Kasiani na Mama Filomena wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, misa ni Jumamosi Ifakara, chakula ni nyumbani Viwanja Sitini, na kama nimejifanya mtu mkubwa hata kwenye hilo nimwambie mapema anitoe kwenye hesabu ya sahani. Ijumaa asubuhi nilipanda basi Morogoro, na Jumamosi mchana nilikuwa nimekaa chini ya turubai katika ua ninaoujua kuliko ua wowote, nina sahani ya wali na kipande cha kambale, mbele yangu bwana harusi wa miaka sabini na minane aliyevaa suti ya kijivu iliyomzidi mabega. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akataka kujua kama bado nakagua maboila ya watu au siku hizi nakaa ofisini nasaini tu. Nikamwambia bado napanda ngazi. Akaridhika, akarudi kwenye kambale wake. Halafu Da Mwajabu, ambaye miaka haijamfundisha kunyamaza, akawauliza waliokaa meza yetu kama wanaijua habari ya vali. Hawakuijua. Tulipoanza kuisimulia, yeye akidakia hapa na mimi pale, tulicheka mpaka padri akainuka meza ya wakubwa kuja kuuliza kulikoni. Ndiyo maana naiandika. Kwa mdomo imeshakuwa kichekesho tu, nami nataka ibaki na mambo yake yote, pamoja na yale yasiyochekesha.

Katika ua ule nilikaa mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha mitambo ya mvuke na masanduku mawili, moja la nguo, jingine la madaftari. Kiwanda kilichonichukua kilikuwa kidogo, pembeni mwa mji, na kazi yake ilikuwa kuchemsha mpunga kabla ya kuukoboa. Mpunga ulilowekwa kwenye matangi ya maji ya moto tangu jioni, asubuhi ukapigwa mvuke, ukaanikwa kwenye sakafu kubwa ya saruji, ndipo ukaenda mashineni, na mchele wake haukatiki. Mvuke wote ulitoka kwenye boila moja lililochochewa kwa pumba za mpunga huohuo, na mwenye boila, kwa maana ya aliyelilea, alikuwa Mzee Kasiani, fundi mkuu. Kwa kuwa sikuwa na ndugu Ifakara, yeye na mkewe walinipa chumba cha uani. Kilienea kitanda kimoja na meza, dirisha la wavu likitazama migomba, na sakafu yake nyekundu Mama Filomena alinifundisha kuipiga nta mpaka ukiinama unajiona. Ukuta mmoja ulipakana na jiko. Kupitia ukuta huo nilijua nani anaumwa, nani kachumbiwa, samaki gani wameshuka leo, na baadaye nilijua pia nasemwaje.

Mama Filomena alipima mchele kwa kikombe cha bati. Kikombe kimoja kwa kila aliyepo, halafu kimoja zaidi, cha mgeni. Hakuna aliyekuwa amesema anakuja. Siku nyingine alikuja kweli, mpwa wa Mzee kutoka Uchindile na mfuko wa viazi begani, au katekista, na mara moja mtu wa Mahenge aliyekuwa anatafuta nyumba ya jirani akajikuta amenawa mikono. Siku nyingi hakuja mtu. Nilipomuuliza kama si kupoteza, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini tunavaa nguo. Alisema mgeni akikukuta ndiyo kwanza unawasha moto, umeshamwambia aondoke. Nami sikubishana, kwa sababu kikombe cha mgeni asiyekuja kilikuwa kiporo cha asubuhi, na mla kiporo mkuu wa nyumba ile nilikuwa mimi. Wali wa jana uliokaangwa na kitunguu, chai ya rangi yenye tangawizi, na jua linaanza kugusa migomba: nikisema mwaka ule nilikuwa na furaha, kwanza kabisa nasema hicho.

Kazini mambo yalikuwa mazuri pia, ila yalikuwa na mwiba. Nilikuwa kwenye mwaka wa majaribio. Mwisho wake Mzee Kasiani alitakiwa kuandika kama naweza kuachiwa boila au siwezi, na akiandika siwezi, narudi kwetu na masanduku yangu. Hakuna kingine nilichokitaka duniani. Nililipenda boila lile kwa namna ambayo wasichana wenzangu hawakuielewa, joto lake, ngurumo yake, sindano ya geji inavyopanda polepole asubuhi. Tatizo ni kwamba Mzee hakuniachia kitu. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwa masikio: aliweka ncha ya spana ndefu kwenye pampu na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasema beringi ina siku nne, na siku ya nne beringi ikafa. Mimi nilisoma geji, nikaandika daftarini, nikafagia pumba, nikampa spana aliyoitaja. Miezi mitano nilimpa spana. Jioni moja nikiwa chumbani nafunga nywele, nikamsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mkewe kwamba kuhusu yule binti hajui ataandika nini. Hesabu anazijua, alisema, lakini mkono wake sijauona. Nikasikia Mama Filomena anaweka mwiko chini.

"Mkono utauonaje, baba, wakati spana zote umezishika wewe?"

Nami nilikaa na nywele nusu, nikampenda yule mama kwa mapenzi ambayo hayajapungua mpaka leo.

Sijui kama ni maneno hayo yaliyofanya kazi, lakini haikupita wiki mbili Mzee akanipa jambo zito. Kiwanda kilikuwa kimefunga feni mpya ya kupuliza moto, na kwa feni hiyo pumba ziliwaka kwa hasira na boila likatoa mvuke mara moja na nusu ya ule wa zamani. Sasa, kwa asiyejua: juu ya boila hukaa vali ya usalama, mlango mdogo uliobanwa na springi. Presha ikipita kiwango, springi inashindwa, mlango unafunguka, mvuke unatoka kwa kelele, na presha ikishuka mlango unajifunga wenyewe. Mchochezi wa moto anaweza kusinzia na geji inaweza kudanganya, vali ndiyo haitakiwi kufanya lolote kati ya hayo. Na sheria yake ni moja: iweze kutoa mvuke wote ambao boila linaweza kuzalisha moto ukiwa umeachiwa kabisa. Vali yetu ya zamani ilitosha moto wa zamani, kwa moto mpya ilikuwa ndogo. Mzee akasema nipige hesabu ya vali mpya, niiandike, aione.

Niliipiga Jumapili baada ya misa, kwenye meza ya chumba changu, madaftari ya chuo yamezagaa kitandani. Nilihesabu eneo la mabomba ya moto, nikahesabu pumba kwa uzito, nikahesabu kwa njia mbili tofauti, na zote mbili zikanipeleka palepale: kilo elfu moja na mia tano za mvuke kwa saa. Ilikuwa hesabu safi. Nikaitazama, nikaanza kuogopa. Itakuwaje nikiwa nimesahau kitu? Itakuwaje pumba za mwaka huu ni kavu kuliko za mwaka jana? Nikaandika elfu moja na mia nane. Mia tatu tu, nilijiambia, kubwa haidhuru, na nikalala usingizi mzuri kabisa wa mchana. Kesho yake Mzee akaipokea karatasi, akaisoma amesimama, akaiweka mfuko wa shati. Ilivyokwenda baadaye tuliijua siku tuliyoumbuka wote: kabla ya kuipeleka stoo alichukua kalamu akaandika elfu mbili na mia tano. Na stoo alikuwa Da Mwajabu, wakati huo msichana wa miaka ishirini na saba aliyelelewa kwenye mashamba ya miwa ambako baba yake alifika kutoka Kigoma, mwenye kazi ya kuagiza kila kipuri kutoka Dar es Salaam. Muuzaji akamwambia anayo ya elfu mbili na mia tano, na anayo ya elfu nne. Da Mwajabu akawaza: mtambo wa moto, watu wazima wameona haya kuomba kubwa. Akaagiza ya elfu nne.

Ilifika kwenye lori katikati ya magunia ya saruji, imefungwa kwa turubai, na wanaume wawili waliishusha kama wanashusha mbuzi. Nilipoiona nilijua kuna kitu hakiko sawa. Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko shingo ya boila, lile bomba fupi lililochomoza juu ambapo vali hukaa. Mzee aliizunguka mara mbili, akaipigapiga kwa kidole, akasema wakubwa wa kiwanda wameona mbali, itatufaa hata tukija kuongeza boila. Fundi wa kuchomelea akaitwa, akatengeneza kipande cha kuunganisha, chini chembamba, juu kipana, kama faneli. Hapa ndipo pasipochekesha. Chuoni tulifundishwa, na nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu, kwamba njia iingiayo kwenye vali isiwe nyembamba kuliko mdomo wa vali. Nilijua. Daftari lilikuwa uani, dakika kumi kwa baiskeli. Lakini Mzee alikuwa ameshaamua, shikamoo yangu ya asubuhi ilikuwa bado mdomoni, na zaidi ya hayo nilidhani ukubwa ule wote umetokana na mia tatu zangu. Nikamshikia spana wakati anakaza boliti. Siku hizi nikikagua kiwanda na kumuona kijana amesimama nyuma ya mkubwa wake kwa ukimya fulani, mabega yamepanda kidogo, namwita pembeni namuuliza anajua nini. Mara nyingi anajua.

Siku ya kuijaribu ilikuwa katikati ya mavuno, mji mzima unanuka mpunga mpya na pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa. Matangi matatu yalikuwa yamejaa mpunga uliolowekwa tangu jioni iliyotangulia, na mpunga wake ulikuwa wa kikundi cha akina mama wa Chita, waliokuja nao kwa treni na sasa walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa sakafu ya kuanikia, wanakula mihogo na kupiga soga. Mpunga uliolowekwa hausubiri. Usipopigwa mvuke siku hiyo unachacha, na mchele wake unanuka namna ambayo hakuna mnunuzi atakayeugusa. Tulipandisha presha taratibu. Mzee alikuwa kwenye geji, mimi kwenye mlango wa moto, Da Mwajabu mlangoni na kitabu chake cha stoo ili aandike kwamba vali imepokelewa na inafanya kazi. Sindano ikapanda, ikafika kwenye alama nyekundu, na vali ikafunguka.

Nilikuwa nimesikia vali nyingi. Vali nzima inatoa mlio mmoja mrefu, fyuuu, kisha inafunga. Hii haikulia, ilipiga. Ta-ta-ta-ta-ta, haraka kuliko unavyoweza kuhesabu, chuma kwa chuma, na boila zima likaanza kutetemeka, vumbi la pumba likamwagika kutoka kwenye mapaa. Mdomo mpana ulikuwa unataka kumeza mvuke mwingi kuliko ule ambao shingo nyembamba ingeweza kuupitisha. Ukifunguka, presha chini yake inaanguka, springi inaufunga kwa kishindo, presha inarudi, unafunguka tena. Mzee alizima feni, akanipigia kelele nivute moto, nikauvuta kwa reki mpaka nyusi zangu zikaungua. Mvuke ulikuwa unachomoza pembeni kwenye gasketi, kile kizibo cha maungio, ya kipande cha faneli. Haikuzidi dakika mbili, lakini kila mmoja wetu aliishi humo miaka. Ilipotulia, hakuna aliyeumia. Tulipoishusha na kuifungua, kiti cha vali, ule uso laini ambao mlango hukalia, kilikuwa kimemeguka kama kikombe cha udongo. Vali mpya ilikuwa imejiua siku yake ya kwanza kazini.

Mzee alipindua debe akalikalia. Hakuonekana na hasira, alionekana mzee, na hilo liliniuma zaidi.

"Pina," akasema, "hesabu yako ilisema ngapi?"

Ningeweza kusema elfu moja na mia nane, na isingekuwa uongo, kwa kuwa ndiyo niliyoandika. Mwaka wangu wa majaribio ulikuwa umebaki na miezi miwili. Nilikitazama kile chuma kilichomeguka, nikamwambia hesabu ilisema elfu moja na mia tano, nikaandika elfu moja na mia nane. Akauliza mia tatu zilikuwa za nini. Nikasema za uoga. Na kile kipande cha faneli, nikasema, nilijua hakifai, nilifundishwa, sikusema. Nilimaliza nikiwa nimeshaanza kufunga masanduku kichwani. Mzee akaniambia kwamba yeye alipoona elfu moja na mia nane aliweka elfu mbili na mia tano. Da Mwajabu akafunga kitabu chake polepole. Akasema yeye aliona elfu mbili na mia tano akaagiza ya elfu nne, kwa sababu alidhani sisi hatujaongeza.

"Kumbe kila mtu kapika cha mgeni," akasema.

Mzee Kasiani alianza kucheka kwa mabega kwanza, bila sauti, akashika magoti, halafu sauti ikatoka, na mimi niliyekuwa nusu nalia nikajikuta nacheka kwa sauti ya mtu aliyenusurika. Alisema kwa mara ya kwanza maishani ameona sufuria iliyopasuka kwa wema. Akina mama wa Chita wakaja kuchungulia waone waliorukwa na akili ni akina nani. Mmoja wao, mwembamba, kanga kiunoni, akauliza kwa adabu kabisa kama mpunga wao utanuka. Kicheko kikaisha palepale. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Mzee akatoa vali ya zamani stoo. Ilikuwa inavuja kidogo kwa uchakavu, kiti chake kina mikwaruzo, lakini kiti chenye mikwaruzo kinasagwa. Alichukua dawa ya kusagia, ile wanayotumia mafundi wa gereji kwa vali za injini, akataka kukaa kama kawaida yake, nikanyoosha mkono tayari kumpa kitambaa. Akasita. Akasema macho yake hayaoni tena mkwaruzo mdogo, nisage mimi. Alitoa kioo kimoja cha dirisha la ofisi, tukakilaza mezani, nikapaka dawa, nikausaga mlango wa vali juu ya kioo kwa kuuzungusha kama ninaandika namba nane, taratibu, bila kukandamiza. Kiti chenyewe nikakisaga kwa kipande cha chuma bapa. Nilichora mistari ya penseli juu yake, nikasaga, na mahali penseli ilipobaki ndipo pangali na bonde. Penseli ikabaki mara tano. Mzee alikaa pembeni, mikono katikati ya magoti, na nilijua anavyojizuia, maana kila mara vidole vyake vilikuwa vinazunguka hewani pamoja na vyangu. Mara ya sita mistari yote ilifutika sawia. Nilimpa akaangalia, akaipeleka mwangani, akairudisha kwangu niifunge mwenyewe.

Kisha nikafanya hesabu ile kwa kuigeuza. Mwanzo tulikuwa na moto tukatafuta vali, sasa tulikuwa na vali, tutafute moto. Feni tuliizima na kuifunga kwa waya. Nikahesabu kwa madebe: debe la pumba lina kilo mbili, vali inaweza kutoa mvuke wa kiasi hiki, basi debe mbili kila dakika na zisizidi. Niliandika mbili kwa chaki ukutani. Sikuongeza wala kupunguza, na nilisimama kando ya ile chaki kama askari. Lakini kulisha moto debe mbili kwa dakika saa nzima, kisha saa nyingine na nyingine, ni kazi ya watu wengi, na mchochezi wetu alikuwa mmoja. Ndipo akina mama wa Chita wakaingia. Walijipanga mstari kutoka lundo la pumba hadi mlango wa moto, na yule mwembamba akaanzisha wimbo wa kupalilia, ubeti mmoja debe moja. Nikaupima kwa saa: ubeti ulichukua nusu dakika, ukikosea ni sekunde mbili. Kwa hiyo tuliendesha boila kwa wimbo. Walipochangamka wakaanza kukimbiza, nami nikawa napiga kelele wapunguze, wakanicheka, wakasema huyu binti anaogopa kucheza. Da Mwajabu alifunga stoo akaingia mstarini na viatu vyake vya ofisini. Tangi la kwanza lilipigwa mvuke saa tisa, la pili saa kumi na robo, na la tatu jua likiwa bado juu ya milima. Harufu ya mpunga uliochemka vizuri, tamu, nzito kidogo, ilitapakaa uwanja mzima. Yule mama mwembamba alichota kiganjani, akanusa, akatafuna, akanipa na mimi nitafune. Nimekula vyakula vya hoteli kubwa tangu siku ile. Hakuna kilichofika pale.

Vali iliyofuata tuliiagiza juma lile. Mzee alinipa karatasi tupu akasema niandike. Nikaandika elfu moja na mia tano, nikakaa naitazama, na nakiri kwamba mkono uliniwasha. Nilimpa. Niliona kalamu yake inatoka mfukoni, nikaona inarudi. Tulimpelekea Da Mwajabu wote wawili, tukasimama mbele ya meza yake mpaka alipomaliza kuandika barua ya kuagiza, na alilalamika kwamba tunamfanya kama mwizi. Baada ya majuma matano ikaja, ndogo, ningeweza kuibeba kwapani, ikakaa kwenye shingo ya boila bila faneli. Siku ya ukaguzi alikuja mkaguzi wa serikali, mtu mrefu mkimya mwenye miwani, akataka kuona inafunguka. Tukapandisha presha, feni imewashwa, moto umeachiwa kabisa, milango yote ya mvuke imefungwa, ili boila litoe kila lilicho nacho. Nilisimama penye geji. Mzee alikuwa nyuma yangu. Sindano ikagusa nyekundu, vali ikafunguka kwa mlio mmoja mrefu, ikashikilia, sindano haikupanda hata unywele. Tulipopunguza moto ikashuka, na vali ikafunga mara moja, kavu, bila tone.

Mkaguzi aliandika. Halafu akasema ifungwe lakiri, na anayefunga ajue kwamba yeye ndiye atakayeulizwa. Lakiri ni kipande cha risasi kinachopitishwa waya kwenye skrubu ya springi na kubanwa kwa koleo maalumu, ili mtu yeyote asiichezee. Koleo la kiwanda lilikuwa na herufi ya fundi mkuu kwenye meno yake, kila lakiri mle ndani ilikuwa na K ya Kasiani. Mzee akalitoa mfukoni mwa ovaroli, akanipa mimi. Nikadhani ananipa nimshikie. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni.

Nikalifungua. Kwenye meno yake ile K ilikuwa imesagwa kwa tupa, imefutika kabisa, na juu ya chuma kipya kinachong'aa ilikuwa imechongwa P ya Pina. Haikuchongwa vizuri, tumbo lake limelalia upande mmoja. Nikamwangalia. Nilichoweza kuuliza ni ameichonga lini, kwa sababu tangu asubuhi tulikuwa wote.

"Mwezi uliopita," akasema. "Jioni ile ya akina mama wa Chita."

Majuma matano kabla ya vali kufika. Nilibana ile risasi kwa mikono miwili, na machozi yakanitoka mbele ya mkaguzi, mbele ya Da Mwajabu na mbele ya boila lenyewe, wala sikuyafuta.